Je, Wajua? Bustani ya Uani Mwanza, Kutoka Vuli Hadi Kiangazi

Je, wajua kwamba Mwanza haina baridi ya kuua hata mche wa mchicha? Jiji liko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mwezi mmoja halipishani sana na la mwezi mwingine. Anayeugawa mwaka wa bustani hapa ni mvua. Vuli huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Januari na Februari mvua hulegea, masika hushika Machi hadi Mei, kisha huja kiangazi cha Juni hadi Septemba, na Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote. Maelezo ya kusubiri barafu ya mwisho iyeyuke, yanayochapwa nyuma ya pakiti za mbegu kutoka Ulaya, hayana kazi kwetu. Sisi tunauliza kama maji yatatosha wiki hizo, au yatazidi.

Je, wajua kwamba jua hupita utosini mwa Mwanza mara mbili kwa mwaka? Ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Siku hizo, kati ya saa 6:30 na saa 7 mchana, nguzo iliyosimama wima karibu haina kivuli. Ukihamisha miche kutoka kitaluni wiki hiyo, ihamishe jioni, na uitafutie kivuli cha nyasi kavu kwa siku nne tano.

Mchana mrefu kuliko yote wa Mwanza na ule mfupi kuliko yote hupishana kwa chini ya dakika 20. Ndiyo maana baadhi ya mbegu za vitunguu za nchi za kaskazini, zinazongoja mchana wa saa 14 au zaidi ili zifunge, hapa hutoa majani tu. Tafuta aina za mchana mfupi, kama Red Creole au Bombay Red.

Je, wajua kwamba kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hayaletwi na mito, bali hudondoka moja kwa moja kutoka angani? Ziwa hili lenye karibu kilomita za mraba 68,800 hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: pepo za kutoka kila upande wa nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na ngurumo huanza usiku wa manane. Kwa kuwa upepo wa mashariki huzisukuma mvua hizo upande wa pili, Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza. Wao hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, sisi 1,000 hivi.

Huo upepo wa mchana wa kutoka ziwani ni mtamu kwa mtu aliyekaa barazani, lakini husaidiana na jua kukausha tuta. Mwagilia alfajiri, kabla haujaanza. Maji ya saa nane mchana, sehemu yake huondoka na upepo.

Bati la nyumba nalo ni kisima. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua moja ya milimita 20, hushusha lita 1,000, na hata ukipoteza sehemu yake kwenye mfereji unaovuja, pipa lako litafurika. Weka kifuniko, mbu wasizaliane.

Je, wajua kwamba nadharia moja inayofundishwa katika vyuo vya udongo duniani kote ilizaliwa Tanganyika? Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alieleza kwamba udongo wa nchi hii hupangika kama mnyororo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na kwamba kila mteremko unaofanana hurudia mpangilio uleule. Mwenyewe aliuita katena. Lakini wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya pingili zote za mnyororo huo tangu zamani. Chini kidogo ya mawe ya itale kuna mchanga mwepesi wa rangi hafifu, luseni. Mbele yake itogolo, udongo wa kijivu unaoshikana na kuzuia maji. Pengine utakuta ibambasi, mgumu kiasi cha kurudisha jembe. Bondeni kabisa ni mbuga, ule mweusi unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Na pale ulipo udongo mwekundu wenye rutuba, huitwa kikungu.

Fikiria maana yake kwa mtu wa Mwanza mjini. Anayekaa juu, Bugarika au Igogo kwenye miamba, analima mchanga uliomeguka kutoka itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji hupita humo upesi, na mbolea huyafuata. Huyo anahitaji samadi nyingi, matandazo mazito, na kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi. Jirani yake wa bondeni ana tatizo kinyume chake: masika mizizi inazama. Yeye apandishe matuta, mita nzima ya upana na sentimita 30 za kimo, achimbe na mfereji kando. Nimewaona watu wa mlimani na wa bondeni wakipeana ushauri uleule mmoja, na bustani ya mmoja wao lazima iharibike. Kabla ya kumwuliza mtu anapandaje, muulize anakaa wapi kwenye mteremko.

Kuupima udongo hakuhitaji maabara. Chukua konzi moja, ilowanishe, ifinyange iwe uzi mnene kama penseli. Ukikatika kabla haujaundika, ni mchanga. Ukikubali kupindwa uwe pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Ukiundika lakini ukapasuka unapoupinda, shukuru, kwa sababu huo ndio udongo ambao mboga nyingi hupenda.

Je, wajua kwamba mabingwa wa kurutubisha udongo katika ukanda huu wote wametoka katika kisiwa kidogo? Ni Ukara, kaskazini mwa Ukerewe. Toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, la mwaka 1936, lilikuwa na makala kuhusu kilimo cha Wakara, na wataalamu wameendelea kukisoma tangu hapo. Kisiwa ni cha mchanga wa itale, watu wamejaa, ardhi ya kupumzisha haipo. Wakara hawakungoja mbolea ya kiwandani. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, wakatandikiwa majani na kuletewa malisho. Kila siku tandiko jipya juu ya lile la jana, kwato zikikanyaga, mkojo ukilowesha, hadi shimo likajaa samadi iliyoiva. Kisha samadi ikabebwa kichwani hadi shambani.

Hayo ni ya samadi tu. Katikati ya uwele Wakara walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, na uwele ukishavunwa, marejea ikafukiwa ardhini ikiwa mbichi. Kando ya ziwa walichimba mashimo yaliyofikia unyevu, wakaotesha humo majani ya ng'ombe hata wakati wa kiangazi. Hakuna kilichotupwa. Na hapa pana jambo la kutafakari. Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, waliacha sehemu kubwa ya ujuzi huo, kwa sababu kazi yake ni ngumu na ardhi mpya haikuidai. Sasa viwanja vya Buhongwa na Nyegezi vimekuwa vidogo kuliko shamba la Mkara, na wenye viwanja hivyo wananunua mbolea ya mfuko huku wakitupa jalalani majani, maganda na kinyesi cha kuku. Ujuzi wa Ukara ndio unaotufaa sasa, na uko hapa hapa ng'ambo ya maji.

Ng'ambo ya magharibi, huko Bukoba, kibanja cha Mhaya kinasema jambo lilelile kwa namna nyingine. Migomba, kahawa, maharage na maboga viko pamoja kuizunguka nyumba, na nyasi zilizokatwa rweya, ile nyika ya nje, huletwa kutandazwa chini ya migomba. Rutuba ya nje huhamishiwa nyumbani, mwaka hadi mwaka.

Je, wajua kwamba Mwanza imezungukwa na mbolea ambazo watu huziruka kwa mguu? Mashudu ya pamba kutoka vinu vya mafuta yana naitrojeni kama asilimia 6, mara kadhaa ya samadi ya ng'ombe. Yaloweke au yachanganye na mboji kwanza, maana yakiwa mabichi huunguza mizizi. Mapanki, mifupa ya sangara, yana fosforasi na kalsiamu. Yakaushe, yachome, yaponde, uyachimbie chini ya mche wa nyanya wiki chache kabla. Pumba za mpunga hazina lishe ya kujivunia, lakini zikichomwa nusu ziwe mkaa huwa nyepesi na safi, na miche ya kitaluni huzipenda.

Na yale maua ya manjano yanayojaa kingo za barabara Kanda ya Ziwa baada ya mvua, alizeti mwitu, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walipima majani yake makavu wakakuta naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Kata matawi laini kabla ya kuchanua, yakatekate, yafukie kwenye tuta, ngoja wiki moja au mbili, panda. Au yaloweke ndooni kwa wiki mbili na umwagilie maji yake yakiwa yamezimuliwa. Harufu ni mbaya kweli, waambie majirani mapema.

Je, wajua kwamba gugu maji lilienea duniani kama ua la bustani? Linatoka bonde la Amazon, na watu walilisambaza kwa ajili ya lile ua lake la zambarau kwenye mabwawa ya mapambo. Ziwani kwetu lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, likiletwa kwa sehemu kubwa na mto Kagera. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limeziba ghuba na bandari. Waliosaidia kulirudisha nyuma ni wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, Neochetina, wenye asili ya Amerika Kusini, walioletwa kwa sababu hula gugu hilo. Likikaushwa juani ni tandazo zuri, lakini lina mambo mawili ya kuogopa. Mbegu zake hukaa hai matopeni kwa miaka zaidi ya 15, na mmea wenyewe hufyonza metali nzito. Usilichukue mahali mfereji wa viwanda unapomwagika.

Usilichukue peku pia. Konokono wa kichocho wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na minyoo yao michanga hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Vaa mabuti. Maji ya ziwani ya kumwagilia, ukiyaacha yatulie pipani kwa siku mbili bila konokono ndani, minyoo hiyo michanga huwa imekufa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lenyewe huikumbusha. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 na 2024 lilipanda tena kwa kiasi cha kumeza bustani na nyumba za ufukweni.

Sasa mboga, haraka haraka.

Mchicha huchumwa wiki tatu hadi nne tangu kusiwa. Gramu moja ya mbegu ina mbegu zaidi ya elfu moja, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo utaotesha kichaka.

Ile inayouzwa gengeni kama spinachi, kwa kawaida siyo spinachi. Ni ndugu wa kiazisukari, na ni heri hivyo, kwa kuwa spinachi halisi hukimbilia kutoa maua kwenye joto letu. Hii yetu ukichuma majani ya nje tu, itakulisha miezi kadhaa.

Sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli ni mmea mmoja uliolelewa kwa namna tofauti. Nondo anayependa mmoja atapenda wote.

Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, hoho, pilipili, mnavu na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Usivifuatanishe tuta moja msimu baada ya msimu. Baada ya nyanya weka kunde au mchicha.

Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoiondoa, na bibi zetu walioshika mchi muda wote ule walikuwa wanafanya kazi ya lazima.

Mgagani na mchicha hutumia mwanga wa jua kwa njia ileile ya mahindi na mtama, njia inayobana maji. Ndiyo maana katika wiki za ukame kabichi inalala chini saa sita na mgagani umesimama. Uchungu wake hupunguzwa kwa maziwa au karanga. Kwa maoni yangu, tuta la kwanza kila uani Mwanza lingekuwa la mgagani, la pili la mchicha, la tatu matembele, ndipo chainizi na kabichi zipewe nafasi iliyobaki. Hizo za kwetu hazidai dawa nyingi, na watoto wakizizoea mapema hawazikatai ukubwani.

Tena mgagani hulinda maua. Katika utafiti uliochapishwa 2007, watafiti waliupanda katikati ya mawaridi, na utitiri mwekundu, adui mkubwa wa mawaridi wakati wa joto, ukapungua. Mwenye mawaridi matatu mbele ya nyumba anaweza kujaribu hilo kesho.

Je, wajua kwamba masika ndiyo wakati mbaya wa kuwa na nyanya zinazozaa? Majani yakishinda yamelowa, bakajani chelewa huingia, ugonjwa uleule ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Sia nyanya mwishoni mwa Machi au Aprili, zihamishe Mei, zitaanza kuiva kiangazi, wakati hewa ni kavu na wewe ndiye unayeamua maji yaende wapi. Mwagilia shinani. Majani yabaki makavu.

Aina mbili za nyanya zilizotoka katika utafiti wa Tengeru, Arusha, zilipitishwa mwaka 1997: Tanya na Tengeru 97. Bado zinalimwa, na kwa bustani ya nyumbani zinatosha kabisa. Mbegu chotara zina mavuno makubwa, lakini ukikamua mbegu zake na kuzipanda, watoto hawatafanana na mama.

Nyanya ikinyauka mchana ikiwa bado kijani, na usiku ikafufuka, halafu siku chache baadaye ikafa, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kisafishe, kitumbukize wima kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye mkato, ni wenyewe. Hauna dawa. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome, na hapo usipande chochote cha ukoo wa nyanya kwa misimu kadhaa.

Tunda likioza kitako jeusi, kwa kawaida shida ni maji yanayokuja na kukatika, kiasi kwamba kalsiamu haifiki kwenye tunda. Kumwagilia kwa mpangilio na kutandaza nyasi huponya kuliko dawa ya dukani.

Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba njia ndani ya majani ya nyanya, alitambuliwa Tanzania mwaka 2014, kaskazini. Alitoka Amerika Kusini, akapitia Hispania mwaka 2006. Jike mmoja hutaga mayai hadi 260 hivi. Huzoea sumu upesi, kwa hiyo uani dawa ya kwanza ni vidole: kila asubuhi chuma majani yenye michoro myeupe, yafunge kwenye mfuko mweusi, uanike mfuko juani siku nzima.

Je, wajua kwamba yupo mjusi duniani anayeitwa kwa jina la jiji letu? Agama mwanzae, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume lina kichwa chekundu kinachokaribia zambarau na mwili wa buluu iliyokoza, nalo huota jua juu ya mawe likipandisha na kushusha kichwa. Chakula chake ni wadudu. Watoto wakimrushia mawe, waambie wanampiga mlinzi wa bustani.

Pimbi wa miambani siyo mlinzi. Huyo ni ndugu wa tembo, na kwa majani machanga ana uroho wa ukoo. Wavu uliofukiwa kidogo ardhini husaidia kumzuia. Kiboko, kwa wale wa Igombe na visiwani, hula kiasi cha kilo 40 za majani kwa usiku mmoja na hazuiliwi na wavu wowote. Usipande kwenye njia yake, na usitoke usiku kumfukuza.

Ua wa minyaa, ule uzio wa kale wa makazi ya Usukuma, huzuia mbuzi kwa sababu ya utomvu wake. Utomvu huo ukiingia machoni unaweza kuleta upofu wa muda. Anayepogoa avae miwani na asimame upande unakotoka upepo.

Sasa maua, na hapa sitaharakisha, kwa kuwa wengi huyaona ni ya wenye nafasi. Siyo kweli. Merigoldi, kwa mfano, hutoa mizizini kemikali inayodhoofisha minyoo fundo, ile inayotia mizizi ya nyanya vinundu. Panda tuta zima la merigoldi kwa miezi miwili au mitatu kabla ya nyanya, kwani mche mmoja pembeni haufanyi kazi hiyo. Zinia huita vipepeo na nyuki, na nyuki ndio wanaolizalisha boga: ua jike la boga hufunguka asubuhi moja tu, na lisipopata chavua kabla ya mchana, kiboga hunyauka. Nyuki wakiadimika, chuma ua dume, menya petali zake, gusisha kiini chake ndani ya ua jike kabla ya saa tatu asubuhi.

Bogenvilia hupenda kunyimwa maji. Zile karatasi za rangi siyo maua, ni majani yaliyobadilika. Ua halisi ni kile kidogo cheupe katikati. Ukiimwagilia mno inakupa majani ya kijani, ukiiacha na kiu ya Julai inawaka. Kwa mtu anayebeba maji kwa ndoo, ndilo ua la kiangazi.

Mawaridi ya Ulaya hupumzishwa na baridi. Yetu hayapumziki, huchoka tu, yakatoa maua madogo madogo. Mapumziko yake ni mkasi. Yapogoe mwishoni mwa Agosti, tupa matawi makavu na membamba, acha matatu hadi matano yenye nguvu, weka samadi. Vuli ikianza, yatakuwa yanachanua.

Je, wajua kwamba kaua kadogo ka rangi ya waridi au nyeupe, vinka, kanachoota hata kwenye nyufa za saruji, kalitoka Madagaska na ndimo inamotoka dawa ya vinkristini? Dawa hiyo hutibu saratani ya damu ya watoto, na pia saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza mwaka 1958, na watoto wa ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa wanaoipata zaidi duniani. Ua liko mlangoni, ugonjwa uko jirani. Lakini dawa hutengenezwa kiwandani kwa kipimo cha miligramu. Kuchemsha majani yake nyumbani ni kunywa sumu, mtoto asipewe kamwe.

Na yale maua ya zambarau ya chungu yanayopamba madirisha ya Ulaya na Marekani asili yake ni misitu ya Tanzania. Walter von Saint Paul-Illaire aliyakusanya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890 akayapeleka Ujerumani. Huko ng'ambo yamelelewa aina maelfu. Huku baadhi ya jamaa zake wa porini wamebaki wachache kwenye miamba ya msituni, na ni aibu kwamba nyumba nyingi za Mwanza zina ua la plastiki mezani na hazina hili.

Kiangazi kikikaza, lima gunia. Chukua kiroba kikubwa, na debe lililokatwa pande zote mbili. Lisimamishe debe katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi. Livute debe juu, lijaze tena, zungushia tena, hadi gunia lifike kifuani. Kokoto zinabaki kama nguzo katikati, na maji unayomwaga juu yanashuka humo na kusambaa kote. Toboa pembeni matundu, panda miche. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulihudumia, na gunia linakaa hata juu ya jabali.

Huo pia ndio wakati wa kukausha. Majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo na kuanikwa huwa nsansa. Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Majani yaanikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali hula vitamini A.

Mbegu za mgagani ulizovuna Juni, usizisie Julai ukashangaa hazioti. Mbegu mpya za mgagani hulala, miezi mitatu hadi mitano, hata zikimwagiliwa. Zikaushe, zitie kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, andika mwezi uliozivuna. Zitaamka Oktoba, vuli inapoanza.